Ubeti wa Tatu wa Augustin

Likasi, 12 Februari 1995

Marlène, mtoto wangu,

Nakusalimu kutoka Kikula, kutoka nyumba ile ile yenye lango la kijani, ingawa kijani chenyewe kimebaki kwenye bawaba tu. Barua hii inasafiri na Sista Anne, anayekwenda kwa masista wenzake wa Mwene-Ditu. Posta yetu ina mlango na ina karani, lakini barua haina.

Sisi tupo. Binti yangu Élisabeth anauza samaki wa Kapolowe sokoni. Mume wake Samy, uliyemjua akiwa fundi umeme kiwandani, sasa anachimba malakiti, mawe yale ya kijani ya shaba, kule Kamatanda kwa sululu. Anarudi jioni na nyusi za kijani, watoto wake wanamcheka, naye anawacheka. Mimi miguu imevimba. Daktari aliusikiliza moyo wangu kwa muda mrefu, kisha akaanza kuniuliza habari za watoto wangu, nikaelewa.

Mji hutautambua. King'ora cha kiwanda hakilii tena. Unakumbuka kilivyokuwa kikituamrisha sote: wanaume wanatafuta viatu, wanawake wanaondoa sufuria ya mboga ya sombe na kubandika maji ya kusonga bukari, watoto wanakimbia barabarani kuwapokea baba zao. Siku hizi watu wanakula wanapopata, na hakuna anayejua ni saa ngapi. Waya za taa za barabarani zimekatwa na kuuzwa. Mijakaranda bado ipo, kwa sababu haina shaba ndani yake.

Ninayoikumbuka zaidi ni Alhamisi yetu ya mazoezi ya kwaya. Baba yako alikuja moja kwa moja kutoka kazini, nywele zikiwa bado na maji ya bafu la kiwanda, akakaa kwenye sauti yake ya tenori na kuanza kuwachokoza wenye sauti nzito: "Bale beko naimba, ao beko nasukuma motoka?" Kanisa zima linacheka, na mimi kwenye kinanda najifanya nimekasirika. Halafu tunaimba wimbo wake wa sadaka, ule aliotunga mwenyewe, "Tuasakidila, Tatu", yaani "Tunakushukuru, Baba". Siku ya mavuno hata bibi zetu wa Kisanga, wasiojua neno la Tshiluba cha baba yako, waliucheza na vikapu kichwani mpaka altareni.

Kuhusu wimbo huo, nina jambo la kukwambia kabla sijafa. Mwezi wa nane mwaka 1992, vijana walipoanza kuimba mitaani kwamba Wakasai, watu wa baba yako, warudi kwao, niliuondoa kwenye Misa. Hakuna aliyeniagiza. Padri hakusema kitu, na vijana hawakuja kwangu. Nilijiambia kwamba ni busara, tusiwachokoze watu. Jumapili ile wakati wa sadaka nilianza kupiga wimbo mwingine, na baba yako akainua macho akanitazama kule juu kwenye kinanda. Aliimba nyimbo zote mpaka mwisho wa Misa, hakukosa hata noti. Jumapili iliyofuata alikaa nyuma, karibu na mlango. Watu waliona. Nadhani wengi walisema moyoni: kama mzee wa kwaya ameuondoa wimbo wao, basi jambo hili linakubalika.

Sasa nataka wimbo ule uimbwe siku ya kunizika. Beti mbili ninazo kichwani. Ubeti wa tatu umenitoka kabisa. Muulize baba yako auandike, na wewe unitumie.

Mimi nilikuwa mwema kwenu, sivyo? Niliwaletea unga na blanketi pale stesheni mlipokuwa mkingoja treni, wakati wengine waliogopa hata kupita karibu. Niandikie, hata neno moja.

Mjomba wako,
Casimir


Mwene-Ditu, 28 Mei 1995

Kwa Mjomba Casimir,

Barua yako imefika, inanuka samaki wa Kapolowe. Niliinusa kabla ya kuifungua.

Baba hakuisoma. Alifariki mwezi wa kumi na mbili, kifua kile kile alichokipata stesheni. Hata angekuwa hai, sijui kama ningemsomea.

Mimi nafundisha darasa la pili katika shule ya parokia. Mdogo wangu Ricky yuko kwenye almasi, Mbuji-Mayi, anaonekana mara moja moja. Nimejifungua binti, ana meno mawili. Nimempa jina la Mama.

Unasema Likasi sitaitambua. Hapa pia hawanitambui. Tshiluba changu wanakicheka, wanasema ninakiongea kama mtu anayetembea na viatu vya kuazima. Sokoni mama mmoja alimwambia mwenzake mbele yangu: "Huyu ni wa Katanga, mpandishie bei." Huko tulikuwa Wakasai, hapa tumekuwa Wakatanga. Mjomba anaitwa manseba hapa, lakini kinywa changu hakijazoea. Na sina mtu wa kuandikia Kiswahili. Nilipoanza barua hii nilikaa muda nikitafuta maneno, kama mtu anayefungua sanduku lililofungwa siku nyingi.

Ni ajabu: habari ya king'ora ndiyo iliyoniliza, si nyingine. Na baridi ya mwezi wa sita. Hapa hakuna baridi ile ya asubuhi, moshi ukitoka kinywani tukijifanya tunavuta sigara kwenye njia ya shule. Ningempeleka mtoto akaione, kama ingekuwa ni mahali pa kumpeleka.

Blanketi bado tunayo. Ubeti wa tatu siwezi kuutuma.

Umeandika kurasa nne. Kuna samaki ndani yake, kuna miti, kuna nyusi za Samy. Jina moja silioni.

Marlène wa Augustin


Likasi, 19 Agosti 1995

Marlène, mtoto wangu,

Barua yako imechukua miezi miwili kufika. Treni ilikwama Kamina, na Sista Anne alilala kwenye behewa kama abiria wote.

Gertrude. Sasa nimeliandika. Dada yangu, mtoto wa pili wa mama yetu, ambaye nilimbeba mgongoni tukivuka mto Lufira. Mkono wangu haukukubali mwezi wa pili, na hata sasa haukubali vizuri. Busu mtoto kwa niaba yangu, na umwite jina lake kwa sauti.

Kwa Augustin nimelia kama mtu aliyechelewa, yaani peke yangu. Nilimwomba padri Misa. Akaniuliza nia itangazwe kwa jina gani, nikasema: kwa marehemu mmoja. Misa ilikuwa nzuri, watu walikuwa wengi.

Habari za hapa ni zile zile. Binti wa jirani, Stéphanie, amehamia kanisa la maombi, lile la ngoma na vipaza sauti, na anataka kuniwekea mikono miguu ipungue. Nimekubali. Haikupungua, lakini aliimba vizuri. Kwaya yetu sasa anaiongoza Hénoc. Unamkumbuka, tenori mdogo aliyekaa nyuma ya baba yako akiiga namna yake ya kuvuta pumzi. Ameoa, ana watoto watatu, ni mtu wa adabu. Kila Jumapili anakuja kunisalimu.

Hukunijibu swali langu. Basi nikae kimya juu yake, nikusimulie kitu cha zamani, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi tuliyobakiwa nayo sisi wazee.

Mji huu ulipokuwa ukiitwa Jadotville, kanisa la mjini lilikuwa la Wazungu. Sisi wa Kikula tulikuwa na letu. Padri wa Kapolowe aliyenifundisha kinanda alinipeleka kwa Bwana Michel, mhasibu Mbelgiji aliyekuwa akipiga kinanda kwenye Misa ya Wazungu. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa, na aliona aibu kusema. Basi ikafanywa hivi: pazia likatundikwa huko juu, mimi nikawa napiga nyuma yake, na yeye anasimama mbele ya pazia, anaonekana, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mikono yake mwenyewe. Misa ikiisha, akina mama wa Kizungu walimngoja mlangoni kumpongeza. Mimi nilibaki juu mpaka kanisa liwe tupu.

Usidhani alikuwa mtu mbaya. Aliniazima vitabu. Nilipougua malaria alikuja mwenyewe Kikula kwa baiskeli, na kwinini mfukoni, jambo ambalo Mzungu mwingine hakufanya. Alinimiminia kahawa katika kikombe chake, kwenye baraza ya nyuma, upande wa jikoni. Harufu ya kahawa ile naisikia hata leo. Siku moja, tukitoka kwenye mazoezi, mlangoni mwa kanisa bwana mmoja alisema kwamba Mweusi unaweza kumfundisha kila kitu, ila mapigo ya muziki hawezi kuyahesabu. Bwana Michel alicheka kidogo, kile kicheko cha kumaliza mazungumzo. Nilikuwa nimesimama pale na karatasi za nyimbo mikononi. Tukiwa njiani akaniambia: "Casimir, unajua mimi sifikiri kama wao." Nilijua. Aliniambia mimi. Hakuwaambia wao.

Mwezi wa saba 1960 Wazungu walikimbia. Nilimbebea masanduku mpaka stesheni. Alinishika mikono yote miwili, macho yamejaa machozi, akasema: "Nilikuwa mwema kwako, Casimir, sivyo?" Nikajibu: "Ndiyo, Bwana." Ningejibu nini kingine? Nilirudi nyumbani kwa miguu na hasira ambayo sikuipatia jina.

Nilianza kukuandikia haya ili kukuonyesha miaka ile ilivyokuwa, na kahawa ile, na kinanda kile ambacho siku hizi kina panya. Nilipofika kwenye swali lake nikaweka kalamu chini. Élisabeth alidhani moyo umenibana. Nimeikumbuka barua niliyokuandikia mwezi wa pili. Maneno ni yale yale. Na stesheni ni ile ile.



Casimir


Mwene-Ditu, 15 Oktoba 1995

Mjomba,

Tupo wazima. Mtoto anatembea. Mvua imeanza, na darasa langu linavuja upande wa wasichana, kwa hiyo nimewachanganya na wavulana, na wazazi wamelalamika.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Habari ya pazia umeieleza vizuri. Lakini bado unapita pembeni, Mjomba. Umekiri wimbo. Wimbo ni wimbo. Baba alikwisha kukusamehe wimbo tukiwa bado stesheni. Alisema kila mtu huogopa kwa chombo anachokijua. Ngoja nikusaidie kufika.

Siku ile tulikuwa tumejificha kwako. Baba alilala chumba cha nyuma na homa. Ricky alikuwa chini ya meza, mtu mzima wa miaka kumi na saba. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni na sinia la mchele mkononi, nilikuwa nachambua, na sikuthubutu kuliweka chini lisitoe sauti. Walikuja vijana wa kwaya yako. Fimbo zao waliziacha nje ya lango, kwa heshima yako. Hénoc alivua kofia. Akakuuliza polepole:

"Tata Casimir, batoto ba dada yako, beko ba nani? Ba kwetu, ao ba kule?"

Nilitulia, Mjomba. Nilijua jibu. Wewe ndiwe uliyenifundisha. Nikiwa mdogo ulinipandisha mabegani mbele ya ukoo wote kule Kapolowe, ukawaambia kwamba kwetu Wasanga mtoto ni wa mama yake, na mtoto wa dada ni wa mjomba kuliko hata mtoto wa kumzaa. Ulisema: huyu ni wangu, atakayempiga amenipiga mimi. Watu wa Baba wanahesabu kwa baba, ni kweli. Lakini nyumba ile ilikuwa ya kwenu, na lango lilikuwa lako, na neno lilikuwa moja. Hénoc alikuwa akitafuta sababu ya kuondoka, niliona usoni mwake kupitia ufa wa mlango.

Ukasema: "Beko ba baba yabo."

Basi. Hawakukupiga, hawakukutukana. Wakakushukuru, wakasema kabla ya jioni ni vizuri tuwe stesheni. Mama walimwambia anaweza kubaki, yeye ni wa kwao. Alikunja vitenge vyake akatufuata. Alifia njiani, yuko Kamina, kando ya reli, umbali kama wa kurusha jiwe. Ukipita na treni upande wa kushoto unaona mahali, lakini ni lazima ujue.

Unataka nikwambie kwamba ulikuwa mwema. Unga ulileta. Blanketi uliileta. Ulikuja ukiwa umejifunika kofia mpaka kwenye macho.

Usiniombe mimi msamaha. Mimi ninajua kilichotokea, nilikuwa nyuma ya mlango. Huko Kikula ndiko kuna watu waliolala kwenye vitanda vyetu na wanaimba tenori ya Baba, na wanakuja kukusalimu Jumapili. Ulimwombea Baba Misa, ukamwita marehemu mmoja. Alikuwa na jina. Ulikuwa mwaka huu, si 1992, na hakukuwa na fimbo nje ya lango.

Nikuulize swali moja tu. Siku ile mlangoni mwa kanisa, wakati yule bwana alipotukana na wewe una karatasi mikononi, ungetaka Bwana Michel afanye nini?

Marlène


Likasi, 10 Desemba 1995

Marlène,

Ningetaka aseme: "Ni huyu anayepiga." Maneno matatu tu, mbele yao. Kahawa angeweza kubaki nayo.

Barua yako ilifika katikati ya Novemba, kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, siku ambayo kwaya hula pamoja uani mwa kanisa, kama zamani, ila zamani kulikuwa na kuku na sasa ni dagaa na kinywaji chetu cha munkoyo. Samy na Hénoc walinibeba kwenye kiti. Desturi ni kwamba mzee wa kwaya anasema neno. Kwa kawaida nawaambia wafike mapema.

Nilisema hivi. Kwamba mwaka 1992 vijana walinijia langoni, wakaniuliza watoto wa dada yangu ni wa nani. Kwamba kwa desturi yetu, ambayo kila Msanga aliyekaa pale anaijua, walikuwa wangu, na mimi nikawakana. Kwamba hakuna aliyenilazimisha, waliniuliza kwa adabu. Kwamba dada yangu Gertrude amezikwa kando ya reli kwa sababu ya adabu ile. Nikasema kijana aliyeuliza sitamtaja, kwa kuwa jina langu linatosha. Hénoc alikuwa amesimama na jagi la munkoyo, anamimina. Aliendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika miguuni mwa mwenye kikombe.

Usidhani walinipongeza. Mama mmoja wa sauti ya kwanza alisema: "Tata, bale beshaenda. Ju ya nini unafukula?" Mwanamume mwingine akauliza, na sisi je, tulipewa nini enzi zile, si wao waliokaa ofisini huku baba zetu wanasukuma magari ya madini? Nikamjibu kwamba ni kweli, nami niliona. Lakini waliogawa viti vile walikuwa Wazungu, na waliolala stesheni walikuwa watoto wangu. Nikawaambia habari ya pazia, ambayo sijawahi kumwambia mtu hapa. Nikasema: tulichukia pazia la Wazungu miaka yote ile, na siku tulipopata kitambaa tukashona letu. Wengine waliondoka na sahani zao.

Kisha niliimba. Sauti yangu imebaki kama mlango wenye kutu, lakini niliimba "Tuasakidila, Tatu", ubeti wa kwanza na wa pili. Hakuna aliyeitikia. Niliposhika pumzi ya ubeti wa tatu hapakuwa na kitu, nikakaa kimya mahali pake, kwa muda ambao ubeti ungechukua. Halafu nikaomba nirudishwe nyumbani. Samy alinibeba peke yake mgongoni, ananung'unika kwamba nimekuwa mwepesi.

Asubuhi yake tulikuta lango limeandikwa kwa chaki: KASAI. Élisabeth alitaka kulisugua, nikamwambia aache. Alinikasirikia, na alikuwa na haki. Wateja wake wengine sasa wananunua samaki kwingine. Aliniambia: "Baba, weye utakufa, siye tutabakia." Lakini wiki iliyopita nilisikia habari zake za sokoni, kwa maana Stéphanie alinisimulia: mtu alimuuliza kwa dharau kama ni kweli ana ndugu Wakasai, naye akasema ndiyo, Marlène na Ricky, unataka samaki au hutaki? Ni binti yangu, lakini maneno yale hakuyapata kwangu.

Misa nyingine imesomwa. Padri alitangaza: kwa Augustin na Gertrude, mume na mke, waliofukuzwa katika mji huu. Nilimwandikia mwenyewe nia ile, na aliisoma yote, ingawa kwenye neno la mwisho sauti ilishuka.

Hénoc hakuja Jumapili mbili. Ya tatu alikuja, akakaa uani, kofia juu ya goti. Élisabeth alimpa maji. Alipoinuka aliuliza, akitazama lango, ubeti wa tatu unasemaje. Anataka kwaya iujifunze. Nilimwambia sijui, nimeuomba na sijapewa, na asiyenipa ana haki.

Sikuulizi tena kama nilikuwa mwema. Siku hizi napumua nikiwa nimekaa, kulala siwezi. Usiku uliopita niliota king'ora kinalia, na Gertrude anabandika maji.

Casimir


Mwene-Ditu, 3 Machi 1996

Mjomba,

Salamu kutoka kwetu sote. Ricky amerudi kutoka almasi bila almasi, lakini na mke. Mtoto amejifunza kusema "hapana" katika lugha tatu.

Sista Anne alinisomea barua yako, kwa sababu nilipoianza sikuweza kuendelea. Yeye mwenyewe alikuwa Likasi siku ile ya Sesilia. Ameniambia mambo ambayo hukuandika: kwamba ulipokaa kimya mahali pa ubeti wa tatu, bibi mmoja alianza kupiga makofi ya polepole ya wimbo, halafu akaacha kwa kuwa hakuna aliyemfuata.

Sasa nikueleze kwa nini sikuutuma. Mara ya kwanza nilidhani unanijaribu, unajifanya umesahau. Nilikasirika. Baadaye nilielewa kwamba umesahau kweli, na hapo niliogopa zaidi. Mjomba, ubeti wa tatu haukuwa Tshiluba. Ni Kisanga. Baba aliutunga mwaka waliooana, kwa ajili ya Mama, na alikosea maneno nusu, na wewe ndiwe uliyekaa naye barazani mkayasahihisha, huku Mama akiwacheka kutoka jikoni. Waliuimba wawili tu, yeye na Mama, na wewe kwenye kinanda. Watu waliuita wimbo wa Wakasai, na wewe ukauondoa kama wimbo wa Wakasai, na ubeti wa kwenu ukaondoka nao. Umekuwa ukiniomba lugha yako.

Nimeuandika kwenye karatasi ya pili, kama Mama alivyoutamka. Utaona kwamba unausoma bila shida. Maana yake unaijua: Baba, sikuzaliwa katika nyumba hii, wameniita kwa jina, nami nimeitika.

Mfundishe Hénoc. Mfundishe wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, na akikosea Kisanga msahihishe kama ulivyomsahihisha Baba. Mwambie umetoka kwangu.

Nitakuja mwezi wa sita kama reli itakubali, nataka mtoto aone moshi ukitoka kinywani mwake. Tutashuka Kamina kwanza. Chaki ya langoni usiifute kabla sijafika, nataka kuiona. Na kama moyo wako hautaningoja, waambie waimbe beti mbili, kisha wakae kimya mahali pa ubeti wa tatu, kwa muda wake wote. Huo nitauimba mimi nikifika, hata kama kaburi litakuwa limeota majani.

Marlène,
mtoto wa dada yako